Kadi ya Kliniki ya 1997

Mama yangu si mtu wa kutunza karatasi. Vyeti vyetu vya shule ya msingi vililiwa na mchwa Ujiji, mkataba wa kiwanja uliwahi kufungiwa vitumbua, na picha za harusi yake zilibaki ng'ambo ya ziwa, kwenye nyumba ambayo hatujui hata kama bado ina paa. Lakini kadi ya kliniki ya mdogo wangu anayo mpaka leo. Imekunjwa mara nne, iko ndani ya mfuko wa Rambo (ile mifuko iliyopigwa marufuku 2019, wake kauficha), chini ya vitenge ambavyo huwa anasema ni vya harusi lakini harusi zinakuja zinapita havitoki. Juu ya kadi, kwa kalamu ya bluu iliyofifia, nesi wa zahanati aliandika uzito wa kuzaliwa: kilo 2.1. Mwezi: Februari 1997.

Anayejua mambo ya kliniki anajua kwamba chini ya kilo 2.5 mtoto anahesabiwa kuwa na uzito pungufu. Nyumbani kwetu hilo halikuwahi kuwa jambo la kujadiliwa. Mdogo wangu alikuwa mdogo, basi. Alikunywa maziwa, akanenepa, akawa mtundu kuliko mimi.

Miezi minne kabla ya kadi ile, mwishoni mwa Oktoba 1996, mama alikuwa Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, ana mimba ya miezi mitano. Uvira ilikuwa imeshaanguka. Baba, Mmanyema wa Ujiji aliyekuwa anafanya biashara ya dagaa pande zote mbili za ziwa, alikuwa Kigoma na hakuwa na njia ya kurudi kutuchukua. Mama alinibeba mimi, mtoto wa miaka sita, akapanda boti la mbao usiku pamoja na watu ambao wengi hakuwajua. Mimi nakumbuka vitu viwili tu: harufu ya petroli, na mzee mmoja aliyekuwa akitunong'oneza sisi watoto tusilie kwa sababu sauti juu ya maji husafiri mbali.

Naeleza haya mapema kwa sababu nilipoandika ile habari mwaka jana sikuyaeleza. Na hapo ndipo nilipokosea.

Mwishoni mwa Februari 2025, kama mwezi mmoja baada ya Goma kutekwa na M23, jarida la Scientific Reports lilitoa utafiti kuhusu vizazi vitatu vya wakimbizi wa Syria. Mimi ni mwandishi wa habari, za afya na sayansi ndizo ninazolia ugali. Nikapewa saa mbili. Nikasoma muhtasari, nikasoma taarifa ya chuo kwa vyombo vya habari, nikaandika. Mhariri akaweka kichwa cha habari kikisema kwamba vita hurithiwa tumboni na kwamba watoto wa wakimbizi huzaliwa na kovu. Nimekuwa nikijitetea kwamba kichwa kile hakikuwa changu. Kweli, hakikuwa changu. Lakini neno "kovu" lilikuwa kwenye sentensi yangu ya pili, yeye alilipandisha juu tu.

Saa tatu usiku mdogo wangu akanitumia ujumbe WhatsApp. Yeye hasomi habari zangu, nadhani kuna mtu alimtumia. Aliandika hivi: "Dada nimesoma. Kwahiyo mi nina kasoro? Na huyu wa tumboni je?"

Alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Niliandika majibu nikafuta, nikaandika nikafuta. Mwisho nikamjibu kwa kile kijidole gumba na maneno "tutaongea", jibu la kipuuzi kuliko yote niliyowahi kumpa. Halafu nikafanya nilichopaswa kufanya kabla ya kuandika: nikakaa chini na kusoma utafiti wenyewe, kurasa zote, na kutoka hapo nikaanza kurudi nyuma kwenye kazi za mtu aliyeuongoza. Nilitarajia iwe kazi ya usiku mmoja. Ilinichukua wiki tatu.

Anaitwa Connie Mulligan, profesa wa anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Florida, Marekani. Ukisikia "mwanaanthropolojia" unawaza mtu aliyekaa kijijini na daftari, anauliza nani anamuoa nani na mahari ni ng'ombe wangapi. Huyu aliingia kwenye anthropolojia kupitia mlango wa maabara. Kwa muda mrefu kazi yake ilikuwa kusoma vinasaba ili kujua watu wa kale walitembea wapi. Mwaka 2008 yeye na wenzake Andrew Kitchen na Michael Miyamoto walichapisha hoja kwamba mababu wa watu wa kwanza wa bara la Amerika hawakutoka Asia na kupitiliza moja kwa moja: walikwama kwanza Beringia, ile ardhi iliyounganisha Siberia na Alaska, wakakaa huko maelfu ya miaka ndipo wakaendelea. Amefuatilia pia vinasaba vinavyopita kwa akina mama huko Yemen, nchi ambayo damu ya Afrika, ya Uarabuni na ya Asia zimekutana kwa karne nyingi. Ni kazi safi, ya mbali, haimgusi mtu yeyote aliye hai kwa sasa. Hakuna binti anayetuma ujumbe usiku kuuliza kuhusu Beringia.

Nikitaka kujua aliligeukia lini jambo linalouma, naona kazi moja ya 2012 kama kona ya njia. Amy Non, Clarence Gravlee na Mulligan waliuliza kwa nini Wamarekani weusi wana shinikizo la damu kubwa kuliko weupe. Jibu la uvivu, ambalo hata madaktari wengine wanalo mdomoni, ni kwamba ni asili yao, iko kwenye damu. Wao wakaweka mezani vitu viwili: asilimia ya asili ya Kiafrika inayosomwa kwenye vinasaba, na miaka ambayo mtu amesoma shule. Kilichoonekana kuhusiana na shinikizo la damu ni elimu, si asili. Shule! Yaani kitu unachopewa au unachonyimwa na jamii, ndicho kilichoonekana mwilini. Huko ndiko wanakokuita anthropolojia ya mwili na utamaduni: kukataa kutenganisha mtu anavyoishi na mtu alivyo ndani ya ngozi.

Lakini maisha yanaingiaje mwilini? Hapa ndipo epijenetiki inapoingia, na hapa ndipo kwenye habari yangu niliandika aya mbovu sana kuhusu "swichi za kuwasha na kuzima." Kila mwandishi anatumia swichi. Ngoja nijaribu tena kwa kitu nilichokijua kabla sijajua swichi, maana nyumba yetu Ujiji umeme ulikuja nikiwa darasa la nne, ila chuoni kwa maalim nilipelekwa mapema.

Aliyesoma chuoni anakumbuka irabu. Herufi zipo, zimepangwa, hazibadiliki. Juu na chini yake ndiko kunawekwa alama ndogo: fatha, kasra, dhamma. Herufi ileile ukiiwekea fatha unasoma hivi, ukiiwekea kasra unasoma vile. Na kuna sukuni, kile kiduara kidogo kinachowekwa juu ya herufi kuiambia itulie, isivute sauti. Vinasaba ni herufi. Mtoto anazipata kwa baba na mama na anakufa nazo. Epijenetiki ni irabu. Inayochunguzwa zaidi inaitwa metilesheni (ukiisikia haraka utadhani ni methali), ambapo kikundi kidogo cha kikemia kinanata juu ya sehemu fulani ya herufi na mara nyingi kazi yake ni kama ya sukuni: kuinyamazisha au kuipunguza sauti. Herufi haijaguswa. Kinachobadilika ni namna inavyosomwa.

Na tofauti na irabu za msahafu, hizi si za kudumu milele. Nyingine hukaa, nyingine huondoka, nyingine huwekwa ukubwani. Hili niliandika kwenye rasimu. Lilikatwa kwa ajili ya nafasi, na mimi nikakubali likatwe.

Ushahidi kwamba maisha ya tumboni huacha alama za aina hii haukuanzia kwa maskini. Ulianzia Uholanzi. Majira ya baridi ya 1944 na 1945 Wajerumani walizuia chakula kisifike magharibi ya nchi ile na watu wakafa kwa njaa. Miongo sita baadaye, mwaka 2008, Bastiaan Heijmans na wenzake walionyesha kwamba watu waliotungwa mimba wakati wa njaa ile walikuwa na metilesheni pungufu kwenye kinasaba kiitwacho IGF2, wakilinganishwa na ndugu zao wa jinsia moja ambao hawakuipitia. Napenda sana hiyo sehemu ya ndugu. Nyumba ileile, mama yuleyule, mmoja alikuwa tumboni wakati wa njaa na mwingine hakuwepo. Ni mimi na mdogo wangu. Isipokuwa mimi nilikuwa botini pia, nje tu.

Sasa Goma.

Mwaka 2012 Mulligan, Nicole D'Errico na wenzao wawili walichapisha makala fupi ambayo kama ingekuwa na matangazo ya redio basi ningekuwa nimeisikia zamani, maana ni habari ya kwetu. Walifanya kazi na wanawake waliojifungulia hospitali ya HEAL Africa, Goma. Wanawake 25 na vichanga 25. D'Errico ndiye aliyekuwa huko akizungumza nao. Hawakupeleka dodoso la msongo wa mawazo lililotungwa kwa ajili ya wafanyakazi wa benki wa Chicago; walitumia maswali yaliyotokana na maisha ya wanawake wenyewe wa Goma, na mahojiano marefu. Kisha wakapima damu ya mama, damu ya kitovu, kipande cha kondo la nyuma, na uzito wa mtoto.

Walichokiona: kadiri mama alivyokuwa amepitia mengi wakati wa ujauzito, ndivyo mtoto alivyoelekea kuzaliwa na uzito mdogo, na ndivyo metilesheni ilivyokuwa nyingi zaidi mahali pamoja maalumu, kwenye kinasaba kinachoitwa NR3C1. Kinasaba hicho ndicho hutengeneza mlango wa seli ambao kotisoli, homoni ya kukurupuka na kuhangaika, hupitishia ujumbe wake. Kwa hiyo kwa lugha ya maalim wangu: sukuni zilikuwa nyingi kwenye lile neno linalohusika na jinsi mwili unavyojibu hatari. Watafiti walikisia kwamba huenda mtu wa namna hiyo akabaki na nafasi finyu ya kurekebisha majibu yake kwa misukosuko, na ukubwani akawa rahisi zaidi kushikwa na magonjwa.

Kazi nyingine ya kundi hilo, iliyoongozwa na Darlene Kertes na kutoka 2016, ilitenganisha vitu viwili ambavyo sisi waandishi tunavichanganya kwenye chungu kimoja: majeraha ya vita vyenyewe, na shida za kila siku. Vyote viwili vilihusiana na alama hizo, kwa akina mama na kwa watoto. Nilisimama hapo kwa muda. Maana habari yangu ilikuwa yote mabomu. Haikuwa na mama anayetafuta maji, anayedaiwa kodi, ambaye mume wake kaenda na hajulikani aliko. Hilo halipigwi picha. Mwili, inaonekana, hauchagui kwa kufuata kamera.

Kilo 2.1. Nilipofika kwenye ule ukurasa wa uzito, niliwaza kadi ya kwenye mfuko wa Rambo, na nakiri kwamba kwa dakika kadhaa nilijisikia kama mtu aliyepata ushahidi. Hii ndiyo hatari ya kusoma sayansi ukiwa na kadi ya ndugu yako kichwani. Watu 25 ni wachache. Uhusiano si sababu. Damu ya kitovu si ubongo. Mtoto mmoja wa Ujiji aliyezaliwa 1997 anaweza kuwa na kilo 2.1 kwa malaria, kwa upungufu wa damu, kwa sababu mama yake alikuwa akila muhogo mkavu kwa shemeji asiyempenda, au kwa sababu tu. Utafiti unazungumza juu ya kundi. Haumjui mdogo wangu. Sentensi hiyo ilibidi iwe ya kwanza kwenye habari yangu.

Rudi Syria, kwa sababu huko ndiko kuna jambo ambalo bado linaninyima usingizi.

Mulligan hakuwa peke yake. Alikuwa na Rana Dajani, mwanabiolojia wa Hashemite University huko Jordan, ambaye mama yake ni Msyria, na Catherine Panter-Brick wa Yale, mwanaanthropolojia ambaye kwa miaka mingi ameandika zaidi kuhusu jinsi watu wanavyosimama tena kuliko jinsi wanavyoanguka. (Wasomaji wa blogu hii huenda mnamjua Dajani kwa sababu nyingine: ndiye mwanzilishi wa We Love Reading, ile harakati ya kuwasomea watoto hadithi mtaani. Mtu huyohuyo anachukua mate ya watu shavuni asubuhi na jioni anataka watoto wasomewe hadithi. Nilifurahi sana kulijua hili, sina sababu nzuri ya kulitia hapa.)

Walikusanya familia 48 zilizoko Jordan, bibi, mama na mjukuu, kwa makundi matatu. Kundi la kwanza, bibi alikuwa na mimba wakati wa mauaji ya Hama, 1982. La pili, mama alikuwa mjamzito wakati wa vita vya kuanzia 2011. La tatu ni familia zilizoondoka Syria kabla ya 1980, hazikupitia vile vita. Waliona sehemu 21 zenye alama kwa watu walioguswa na ukatili moja kwa moja, na sehemu 14 kwa wajukuu ambao bibi zao ndio walioguswa.

Kwa nini mjukuu? Si uchawi, na si "damu inakumbuka" kama nilivyoandika mimi. Mtoto wa kike huwekewa mayai yake yote angali tumboni mwa mama yake. Kufikia mwezi wa tano anakuwa nayo mamilioni, mengi kuliko atakayowahi kuwa nayo tena maishani. Kwa hiyo mwanamke mwenye mimba ya binti wa miezi mitano amebeba vizazi vitatu kwa pamoja: yeye, binti, na lile yai ambalo siku moja litakuwa mjukuu.

Mwezi wa tano. Boti la mbao. Huyu aliyekuwa tumboni kwa mdogo wangu mwaka jana, nusu yake ilivuka ziwa na sisi mwaka 1996.

Sikujua nifanye nini na jambo hili. Ukweli ni kwamba upande wangu wa uandishi ulilifurahia. Ni picha nzuri mno, inaandika yenyewe. Upande mwingine ukawa unasema: mwenzako anauliza kama ana kasoro, wewe unatafuta aya.

Kuna makala ya 2014 kwenye jarida la Nature, ya Sarah Richardson na wenzake, ambayo kichwa chake kinaomba mama zetu wasilaumiwe. Hoja yao ni kwamba kila matokeo ya aina hii yakifika magazetini yanageuka kidole kinachomnyooshea mama: ulikula nini, ulihangaika kwa nini, ulimfanyia nini mtoto. Aliyeleta vita anatoka kwenye sentensi, mama ndiye anabaki. Nilirudi kwenye habari yangu nikahesabu. Neno "mama" au "akina mama" mara kumi na moja. Jeshi lililoiponda Hama, halikutajwa. Waliofanya Goma iwe hivi ilivyo kwa miaka thelathini, hawakutajwa. Mimi mwenyewe, mtoto wa mama yangu.

Nikampigia mama.

Mama anaishi Mbagala kwa mdogo wangu siku hizi. Amekaa Tanzania miaka karibu thelathini, Kiswahili chake cha sokoni ni cha Dar kabisa, ila akikasirika au akifikiri sana, Baraka inarudi mdomoni. Nilimweleza kwa kifupi: kuna wazungu walifanya utafiti Goma, walipima wamama na watoto, wanasema mahangaiko ya mimba yanaonekana kwenye mwili wa mtoto. Akanyamaza. Halafu akauliza:

"Na zile kondo walizokata, balizizika wapi?"

Nikamwambia wanachukua kipande kidogo tu, mama, kama ukucha.

"Hata kama. Yenye kubakia balizizika wapi?"

Sikuwa na jibu, na nilitaka kucheka, kisha nikaona hakuna cha kuchekesha. Kwao kondo huzikwa nyumbani, na mtoto anajulikana ni wa wapi kwa sababu hiyo. Kondo la kwangu liko Baraka. La mdogo wangu liko Ujiji, nyuma ya choo cha baba mkubwa, na mama anapaonyesha kila tukienda. Katika kurasa zote nilizokuwa nimesoma, kondo lilikuwa tishu. Na ninawaheshimu wale watafiti, maana wao angalau walikaa na wanawake wa Goma wakawasikiliza kwanza. Lakini swali la mama yangu halimo kwenye jedwali lolote.

Baadaye akasema kingine, ambacho alikuwa hajawahi kukisema: kwamba botini, wimbi lilipokuwa kubwa, mtoto alicheza tumboni usiku kucha. "Nilimuambia tulia. Alikataa. Nikajua ule ni mutu."

Nilikwenda Mbagala Jumamosi. Nilikuwa nimejiandaa kama naenda kutoa mada: NR3C1, sampuli ndogo, uhusiano si sababu. Mdogo wangu alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa. Kisha akauliza maswali matatu. Moja, hizo alama zinaweza kutoka? Nikasema nyingi zinabadilika, ndiyo, na hakuna anayesema ni hukumu. Mbili, kuna dawa au kipimo ambacho yeye anatakiwa aende akafanye? Hakuna, hakuna daktari anayeweza kukupima hiyo kitu akakwambia wewe utakuwa hivi. Tatu: "Sasa kama hakuna dawa na hakuna kipimo, mlituandikia ya nini?"

Nikasema watafiti walieleza kwamba zile familia za Syria zilitaka habari yao isikike. Zilitaka mtu aandike kwamba hili lilitupata na halikuishia kwetu.

"Wao walitaka," akasema. "Mimi uliniuliza?"

Tulikaa kimya. Mama alikuwa mlangoni anajifanya hasikii. Niliomba radhi, na niliiomba vibaya, nikachanganya na kujitetea kuhusu mhariri na ile nafasi. Akanikata: "Dada, mi sijakasirika. Ila hilo neno kovu. Mi sina kovu. Mi nilikuwa nacheza."

Kumbe mama alikuwa ameshamsimulia. Baada ya simu yangu, usiku uleule, walikaa uani mpaka saa saba na mama akaeleza safari nzima kwa mara ya kwanza: majina ya watu wa botini, mwanamke aliyempa kipande cha muhogo wa kuchoma, yule mzee wa "msilie" ambaye mimi nilidhani ni mkali kumbe alikuwa anatetemeka kuliko wote. Miaka ishirini na nane haikusemwa. Ikasemwa kwa sababu ya kipande cha kondo.

Niliomba gazeti liongeze masahihisho kwenye ile habari mtandaoni. Waliongeza mstari mmoja, chini kabisa, kwa herufi ndogo. Kichwa cha habari kipo vilevile na bado kinasambazwa. Kila Goma inapotajwa kwenye taarifa za saa mbili, kuna mtu anakiibua. Sijui wanawake wangapi wenye mimba wamekisoma wakiwa peke yao saa tatu usiku bila dada wa kumuuliza.

Hii insha mdogo wangu ameisoma kabla yenu. Alinipa ruhusa kwa masharti mawili: nisitaje jina lake, na nisiandike uzito wa mtoto. Mtoto alizaliwa Julai, wa kike. Nilianza kumbishia kwamba wasomaji watataka kujua, ndivyo insha zinavyokwenda, uzito wa kwanza mwanzoni na wa pili mwishoni. Akasema ndiyo maana.

Siku ile wodini mama alimfuata mkunga na ndoo ndogo ya plastiki yenye kifuniko. Mkunga alimwangalia kidogo, akaingia ndani, akarudi, akamkabidhi. Nyumba ya Mbagala ni ya kupanga na uani pote ni sementi. Mama alikaa na ile ndoo mapajani kwenye bajaji huku mimi na dereva tukibishana ni wapi Dar es Salaam mtu anaweza kuchimba shimo bila kuomba ruhusa ya mtu. Mwisho alituambia tunyamaze, akatoa simu, akampigia baba mkubwa Ujiji kuuliza kama lile basi la alfajiri bado linaondoka.